Laptopu haiwaki: tafuta kwanza umeme umeishia wapi

"Haiwaki" ni neno moja, lakini mezani kwa fundi lina maana nne, na kila maana ina dawa yake. Kuna laptopu isiyotoa dalili yoyote: unabonyeza kitufe, hakuna taa, hakuna feni, kimya. Kuna inayowasha taa na kuvumisha feni, ila skrini ni nyeusi tii. Kuna inayowaka sekunde tatu ikazima, kisha ikajaribu tena yenyewe. Na kuna inayofika kwenye nembo ya kampuni ikagoma hapo hapo. Hii ya nne haina tatizo la umeme. Shida iko kwenye diski au kwenye Windows, nayo tunaiweka kando kwa leo.

Hela nyingi hupotea kwa kununua kifaa kabla ya kujua kipi kimekufa. Mtu ananunua chaja, wiki inayofuata betri, mwishoni anaambiwa bodi, yaani sahani kuu ya saketi, imeungua. Laptopu ya zamani ina neema moja ambayo nyingi za kisasa hazina: betri yake huchomoka, RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) huchomoka, diski huchomoka. Unaweza kuitenga sehemu moja moja mpaka mkosaji abaki peke yake. Unahitaji bisibisi ndogo ya nyota, multimita (kipima umeme) ya kawaida, tochi na spiriti kidogo.

Chaja, na namna ya kuipima bila kujidanganya

Anza ukutani. Chomeka kitu kingine kwenye soketi ile ile uone kama kuna umeme. Kisha ukague waya unaotoka ukutani kwenda kwenye boksi la chaja, ule unaochomoka. Huo ndio unaokanyagwa, kukunjwa na kutafunwa na panya, na ni rahisi kuazima mwingine wa kujaribia.

Kwenye boksi pana maandishi madogo. Tafuta palipoandikwa OUTPUT. Laptopu nyingi za zamani hutumia volti 18.5, 19, 19.5 au 20. Ampea hutegemea nguvu ya chaja: ya wati 65 yenye volti 19.5 hutoa ampea 3.34, na ya wati 90 hutoa 4.62. Volti zilingane na zilizoandikwa chini ya laptopu, ingawa tofauti ya nusu volti, kama ya 19 na 19.5, haina madhara. Ampea zikizidi si tatizo, kwa kuwa mashine huvuta kiasi inachohitaji tu. Zikipungua, chaja huchemka na kukata, na laptopu huzima kila prosesa, yaani chipu kuu inayofanya hesabu, inapopata kazi nzito.

Weka multimita kwenye volti za DC (umeme wa mkondo mnyoofu), kipimo cha 200. Ukiweka cha 20, chaja ya volti 20 inaweza kuvuka kipimo ukadhani imeharibika. Ncha nyeusi iguse nje ya plagi, nyekundu ndani. Hapa wengi hukosea. Plagi nyingi za Dell na HP zina sindano nyembamba katikati, na sindano hiyo haipitishi umeme mkuu. Kazi yake ni kuitambulisha chaja kwa mashine. Umeme wenyewe uko kwenye ukuta wa ndani wa plagi. Kwa hiyo ukigusa sindano ukapata namba ya ajabu, usiitupe chaja. Angalia pia ncha ya multimita isiunganishe ukuta na sindano, maana saketi ya utambulisho huungua kirahisi. Ikiungua, au sindano ikivunjika, laptopu ya Dell itawaka vizuri ila haitachaji betri, na watu huishia kununua betri bure.

Kipimo kikiwa ndani ya nusu volti ya kilichoandikwa, chaja imefaulu nusu ya mtihani. Kapasita (vipande vidogo vya kuhifadhi umeme) zilizochoka ndani yake huweza kutoa volti kamili wakati hakuna mzigo, kisha volti zikaporomoka mara laptopu inapoanza kuvuta. Nusu ya pili ya mtihani ni kujaribu chaja nyingine ya aina ile ile ambayo una hakika ni nzima.

Kama chaja ina taa, itazame wakati unaichomeka kwenye laptopu. Taa ikizima papo hapo na ikarudi ukichomoa, kuna shoti ndani ya laptopu na chaja inajilinda. Acha mambo ya kununua chaja. Tatizo liko kwenye bodi.

Kwa laptopu zinazochaji kwa USB-C, multimita haitakuambia mengi. Chaja hizo huanza na volti 5, na hupanda hadi 9, 15 au 20 baada tu ya kuelewana na mashine. Chaja ya simu inayoishia volti 5 inaweza kuwasha taa ndogo pembeni, lakini laptopu isiamke. Kebo nayo ina kikomo chake: ya kawaida hupitisha hadi wati 60; zaidi ya hapo unahitaji kebo ya ampea 5.

Sasa tundu lenyewe la chaja kwenye laptopu. Plagi ikicheza, taa ikiwaka na kuzima ukiigusa, au plastiki ikiwa na rangi ya kahawia ya kuungua, umeshapata jibu. Matundu mengine yana kebo fupi inayoingia kwenye bodi kwa plagi. Hayo hubadilishwa bila moto. Mengine yamelehemiwa moja kwa moja, na hiyo ni kazi ya mkono uliozoea, kwa sababu tabaka za shaba ndani ya bodi hunyonya joto na mwenye haraka hung'oa njia za shaba pamoja na tundu. Tundu linalocheza usiendelee kulitumia kwa kuegemeza waya na kitabu. Cheche zile ndogo huua vipande vya bodi vilivyo mlangoni mwa umeme, na tatizo la tundu linageuka kuwa la bodi.

Sekunde 30 za kuondoa umeme uliobaki

Jaribio hili halihitaji kifaa chochote, na ndilo la kwanza kufanya kama chaja ni nzima na mashine iko kimya.

Ndani ya laptopu mna chipu ndogo isiyolala maadamu kuna betri au chaja. Hiyo ndiyo inayosikiliza kitufe cha kuwashia, ikasimamia uchaji, feni na kibodi. Nayo huganda kama kompyuta nyingine yoyote, hasa umeme unapokatika ghafla au kupanda na kushuka. Ikiganda, kitufe unakibonyeza lakini hakuna anayekisikiliza.

Chomoa chaja. Toa betri. Chomoa flashi, kipanya, kadi ya kumbukumbu na kebo ya HDMI. Shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, na uzihesabu, maana sekunde 30 za kukisia huwa kumi. Rudisha chaja peke yake, betri ikiwa bado nje, kisha bonyeza. Ikiwaka, zima, rudisha betri na ujaribu tena. Ikigoma betri inaporudi, betri ndiyo mkosaji: seli zilizokufa zinaweza kuizuia mashine isiwake hata ikiwa na chaja.

Kama betri iko ndani, laptopu nyingi za ThinkPad zina kitundu kidogo upande wa chini. Chomoa chaja, ingiza ncha ya klipu ya karatasi iliyonyooshwa na ubonyeze taratibu. Zisizo na kitundu, fungua mfuniko wa chini na uchomoe plagi ya betri kwenye bodi, ukishika plagi yenyewe na si nyaya. Skrubu zipange mezani kwa mpangilio wa mashimo yake. Urefu wake umetofautishwa makusudi. Skrubu ndefu ikiingizwa kwenye shimo fupi huweza kutoboa bodi iliyokuwa nzima.

Ukikuta betri imevimba, kazi inaishia hapo. Usiibonyeze, usiitoboe, usiibandue kwa bisibisi. Kibodi iliyoinuka katikati, kipanya cha kugusa kisichobonyezeka au mfuniko usiofunga vizuri ni dalili zake za mapema.

Inavuma, lakini skrini ni nyeusi

Kundi hili ndilo lenye matumaini zaidi, na ndilo linalohukumiwa vibaya zaidi. Feni kuvuma maana yake umeme umefika mbali. Swali ni kama mashine inafikiri au inazungusha feni tu.

Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, prosesa, RAM na bodi vinafanya kazi, na shida iko upande wa picha. Zima taa za chumba, washa tochi na uimulike skrini kwa pembeni. Ukiona picha hafifu, skrini inachora ila taa yake ya nyuma imekufa. Usipoona kitu, unganisha skrini ya nje kwa HDMI au VGA. Picha ikitokea huko, kagua kebo ya skrini inayopita kwenye bawaba, maana hukunjwa kila unapofungua na kufunga mfuniko. Kwenye Dell nyingi kuna njia ya mkato: laptopu ikiwa imezimwa, shikilia herufi D na ubonyeze kitufe cha kuwashia. Skrini ikibadilisha rangi moja baada ya nyingine, skrini na kebo yake ni vizima.

Jambo dogo ambalo husahaulika: laptopu hujua mfuniko umefungwa kwa kuhisi sumaku. Bangili yenye sumaku, au simu yenye kifuko cha sumaku ikiwekwa karibu na kibodi, inaweza kuizima skrini.

Taa ya Caps Lock isipoitika, nenda kwenye RAM. Ndiyo mshukiwa wa kwanza kwa laptopu ya zamani iliyokaa bila kutumika, kwa sababu kutu nyepesi na vumbi kwenye meno yake hutosha kukata mawasiliano. Chomoa chaja na betri, gusa chuma kisichopakwa rangi kuondoa umeme tuli mwilini, kisha tanua vishikio viwili vya pembeni. RAM itainuka yenyewe kwa mshazari. Futa meno ya dhahabu kwa kifutio cha penseli kilicho laini, pangusa kwa spiriti, acha ikauke. Irudishe kwa mshazari ule ule, isukume mpaka meno yasionekane, ndipo uilaze hadi vishikio vilie. Kama ziko mbili, jaribu moja, kisha nyingine, na kila moja kwenye kila nafasi. Majaribio yanakuwa manne. Yanachosha, ila yanatenganisha RAM mbovu na nafasi mbovu. Baada ya kila badiliko ipe mashine dakika nzima kabla ya kukata tamaa, kwani nyingine huchukua muda kuitambua RAM mara ya kwanza.

Ukinunua RAM ya zamani, tazama herufi moja. DDR3 hutumia volti 1.5, DDR3L hutumia 1.35. Zote zina meno 204 na huingia nafasi moja, lakini laptopu za Intel za kizazi cha nne na za karibu yake huhitaji zile zenye L. Ukiweka isiyo na L unaweza kupata skrini nyeusi kutoka kwenye RAM ambayo haina kasoro.

Kuna jaribio zuri zaidi, nalo ni la kinyume: toa RAM yote, kisha washa. Laptopu nyingi zikikosa RAM hulalamika kwa milio au kwa taa inayopepesa. Ikilalamika, furahi. Prosesa iko hai na inatekeleza maagizo ya BIOS, programu ndogo ya kwenye bodi inayoiamsha mashine. Ikibaki vile vile, kimya na feni, tatizo liko chini zaidi: prosesa, BIOS au umeme wa bodi.

Hesabu taa hizo. Kwenye Latitude na Dell nyingine nyingi, taa hupepesa rangi ya chungwa mara kadhaa, kisha nyeupe. Chungwa 2 na nyeupe 1 ni prosesa. 2 na 3, RAM haionekani. 2 na 4, RAM ina hitilafu. 2 na 7, skrini. 3 na 1, betri ndogo ya saa. Watengenezaji wengine wana hesabu zao, nazo hupatikana kwenye kitabu cha huduma cha modeli husika. Rekodi video ya simu badala ya kuhesabu kwa macho, kwa sababu mapepeso ni ya haraka na kosa la moja tu linakupeleka kwenye kifaa kingine.

Hiyo betri ya saa ni kidonge cha CR2032 cha volti 3, mara nyingine kikiwa kimefungwa kwenye waya mfupi. Ikisoma chini ya 2.5, badilisha. Kwa kawaida kifo chake huvuruga tarehe tu, lakini kwenye baadhi ya mashine huzuia kuwaka. Kuichomoa dakika chache pia hufuta mipangilio mibovu ya BIOS katika mashine nyingi za zamani.

Kama skrini ilikuwa nyeusi tangu sasisho la BIOS lilipokatizwa, kwenye HP nyingi shikilia pamoja kitufe cha Windows na herufi B, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 2 hadi 3, achia hicho cha kuwashia na uendelee kushika viwili vya kwanza. Skrini inaweza kubaki nyeusi kwa muda kabla urejeshaji haujaanza, usiizime. Ikishindikana, fundi huiandika upya chipu ya BIOS, ambayo kwa kawaida ina miguu minane, kwa kifaa cha nje. Bodi nyingi zinazotangazwa kufa zinahitaji hilo tu.

Inawaka kisha inazima

Tazama saa. Ikizima ndani ya sekunde mbili au tatu, rudi kwenye RAM, na baada ya hapo ni bodi. Ikizima baada ya dakika kadhaa, ni joto. Prosesa hujizima ikikaribia nyuzi 100, na kwenye laptopu ya miaka mingi pasta iliyo kati ya prosesa na bati la kupoza huwa imekauka kama udongo, huku vumbi likiwa limejaza mapezi nyuma ya feni. Kupuliza kwa nje hakutoshi. Vumbi hilo huwa kama kitambaa, na hutolewa feni ikiwa imefunguliwa.

Kama ilimwagikiwa

Chai, soda, maji, yote sema mapema. Mficha maradhi kifo humuumbua, na fundi asiyejua kuhusu chai ataanza kupima sehemu isiyo yake. Kimiminika kikimwagika, chomoa chaja, toa betri, pindua laptopu kibodi ikitazama chini, na usijaribu kuiwasha "kuona kama bado iko". Kuifukia kwenye mchele hakusaidii, maana mchele haunyonyi kilicho chini ya chipu. Maji hayaui bodi siku ile kila mara. Umeme ukibaki, kutu hutafuna njia za shaba kwa wiki kadhaa, na ndiyo maana mashine iliyomwagikiwa ikafanya kazi vizuri huweza kufa mwezi unaofuata. Dawa ni kuifungua yote na kuisafisha kwa spiriti yenye nguvu ya asilimia 99 na brashi laini.

Hatimaye, bodi

Ukifika hapa ukiwa umeshaondoa chaja, betri, RAM, diski na skrini, una haki ya kusema neno bodi. Hata hivyo "bodi imekufa" si jibu kamili. Umeme wa volti 19 hupita mlangoni, kisha hugawanywa kuwa volti 5 na 3.3 zinazokuwepo hata mashine ikiwa imezimwa, kisha ukibonyeza kitufe huzaliwa volti ndogo za RAM na za prosesa, moja baada ya nyingine. Fundi hufuata mkondo huo mpaka aone palipokauka.

Chanzo cha kawaida cha shoti ni kapasita moja ya udongo, ndogo kuliko punje ya mchele. Hupatikana kwa kupitisha volti kama 1 kwenye njia iliyo na shoti na kutazama nini kinapata moto, kwa kamera ya joto au kwa kupaka spiriti na kuona inapokauka kwanza. Ikitolewa, mara nyingi mashine huwaka.

Usikubali bodi yako ipigwe moto kwa bunduki ya joto, au kuokwa kwenye oveni, ili "chipu ishike". Mwaka 2008 NVIDIA ilikiri kwamba baadhi ya chipu zake za michoro za laptopu zilikuwa na udhaifu katika nyenzo za ufungashaji wake, na tangu hapo tiba ya moto imekuwa desturi. Huweza kuleta picha kwa wiki au miezi, kisha chipu hufa tena, safari hii ikiwa na bodi iliyopinda.

Ukishauriwa kubadilisha bodi nzima, linganisha namba iliyochapishwa kwenye bodi yenyewe, si jina la modeli tu. Modeli moja huweza kuwa na bodi tatu tofauti. Na kwa maoni yetu, bodi ikiwa imekufa, betri imekwisha na bawaba imevunjika kwa pamoja, fedha ielekezwe kwenye kuokoa mafaili.

Hayo mafaili kwa kawaida ni salama, kwani diski haihusiki na kuwaka. Diski ya inchi 2.5 huchomoka kwa skrubu chache na husomeka kwenye kompyuta nyingine kupitia adapta ya SATA (plagi ya diski hizo) kwenda USB. Ila kama Windows ilikuwa imeifunga kwa BitLocker, kufuli lake la diski, utaombwa ufunguo wa tarakimu 48. Utafute kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kwenye mashine hiyo. Ufunguo huo huo unaweza kuhitajika hata bodi ikibadilishwa diski ikabaki ile ile, kwa hiyo utafute kabla hujaleta laptopu kwa fundi. Njoo na chaja yako pia, hata kama una hakika ni nzima, na video ya taa zinazopepesa.